Ushuru uliondolewa, mpaka ungalipo: Yanayowakabili Wakenya wanaofanya biashara ng'ambo

MALORI hupanga foleni Busia na Malaba mchana kutwa na usiku kucha. Mengine husafirisha mafuta, mengine saruji na vyuma vya ujenzi, mengine sabuni, dawa na mafuta ya kupikia. Mpita njia anayeyatazama huenda akadhani kwamba kibarua kigumu cha mwenye mali ni kulivuka lango lile tu, na kwamba bidhaa zikishaingia Uganda kilichobaki ni kuuza na kuhesabu faida.

Wanaoifanya kazi hiyo kila siku wana maoni tofauti. Lango la mpaka ndipo mahali palipofanyiwa marekebisho mengi zaidi katika muda wa miaka 20 iliyopita. Masaibu yanayoziangusha kampuni za Kenya katika mataifa jirani aghalabu huanza mbali na hapo: kiwandani Nairobi kabla ya lori kutiwa shehena, katika akaunti ya benki jijini Juba, au katika ofisi ya meneja ambaye mwajiri wake hajamtembelea kwa miezi sita.

Wakenya wenye umri wa makamo na zaidi hawahitaji kuelezwa jinsi biashara na jirani inavyoweza kukatika. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilisambaratika mwaka wa 1977, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa tena hadi mwishoni mwa 1983. Mkataba wa kuifufua Jumuiya ulitiwa sahihi jijini Arusha mnamo Novemba 30, 1999 na kuanza kutekelezwa Julai 7, 2000. Muungano wa Forodha ulifuata Januari 1, 2005, kisha Soko la Pamoja Julai 1, 2010.

Kwa kuwa ilihofiwa kwamba viwanda vya Kenya vingewameza wenzao, ilikubaliwa kwamba bidhaa za Uganda na Tanzania ziingie Kenya bila ushuru papo hapo, ilhali baadhi ya bidhaa za Kenya ziendelee kutozwa ushuru uliokuwa ukipunguzwa mwaka baada ya mwaka kwa miaka mitano. Kufikia 2010 kipindi hicho kilikuwa kimekwisha. Rwanda na Burundi zilijiunga 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo 2022, na Somalia ikakamilisha taratibu zake mwanzoni mwa 2024.

Kwenye karatasi, hilo ni soko moja la mataifa manane. Kwa mhasibu wa kampuni ni sarafu nane, mamlaka nane za kutoza ushuru na sheria nane za kazi.

Bidhaa ya Kenya ni ipi?

Neno "bila ushuru" limewapotosha wengi. Bidhaa haisamehewi ushuru kwa sababu imetoka Kenya. Inasamehewa kwa sababu imetengenezwa Kenya kwa namna inayokubalika na kanuni za Jumuiya kuhusu asili ya bidhaa, ambazo zilifanyiwa marekebisho makubwa mwaka wa 2015.

Mfano ni wa mwenye kiwanda kidogo cha sabuni katika eneo la viwanda la Nairobi. Mafuta ya mawese huyaagiza kutoka Malaysia. Manukato hutoka Ulaya, na maboksi hununuliwa papa hapa nchini. Je, sabuni yake ni ya Kenya au ni ya Malaysia? Jibu hutegemea kiasi cha kazi iliyofanyika kiwandani. Ikiwa mafuta yamepikwa yakageuka kuwa kitu kingine kabisa, anaweza kupewa cheti cha asili. Ikiwa aliagiza sabuni iliyokwisha kutengenezwa, akaikata vipande na kuitia katika maboksi yenye jina lake, hana haki ya cheti hicho hata kama ameajiri wafanyakazi 100. Kupakia, kubandika vibandiko na kuchanganya vitu kwa njia rahisi hakutoshi kuibadilisha bidhaa uraia.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ni pesa nyingi. Ushuru wa pamoja ambao mataifa ya Jumuiya hutoza bidhaa za kutoka nje ulikuwa na ngazi tatu: malighafi bila malipo, bidhaa zilizotengenezwa nusu asilimia 10, na zilizokamilika asilimia 25. Tangu Julai 2022 kuna ngazi ya nne ya asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa ambazo eneo hili linaweza kujitengenezea. Sabuni isiyokuwa na cheti huhesabiwa Kampala kana kwamba imetoka Uchina ama Uturuki. Mfanyabiashara aliyekwisha kumwahidi mnunuzi bei fulani hujikuta akilipa tofauti hiyo kutoka mfukoni mwake.

Hata cheti chenyewe hakimalizi ubishi. Mnamo 2018 watengenezaji wa peremende na chokoleti wa Kenya walijipata wakidaiwa ushuru wa asilimia 25 Tanzania na Uganda. Hoja ya majirani ilikuwa kwamba sukari ya viwandani iliyotumiwa iliagizwa kutoka nje kwa nafuu ya ushuru, na hivyo kiwanda cha Kenya kilikuwa na faida ambayo washindani wake hawakuwa nayo. Wataalamu wa mataifa hayo walilazimika kuvizuru viwanda na kukagua vitabu. Katika ukaguzi wa aina hiyo mwenye kiwanda hana ngao nyingine isipokuwa rekodi: ankara za malighafi, hati za forodha za siku zilipoingia Mombasa, na hesabu inayoonyesha kila kilo ilitumiwa wapi.

Wenye viwanda vikubwa huajiri watu wa kuyashughulikia hayo tu. Mwenye kiwanda kidogo humwachia ajenti wa forodha, na mara nyingi haisomi hati inayotiwa sahihi kwa jina lake. Hapo ndipo penye hatari, kwa maana anayedaiwa baadaye ni mwenye jina.

Langoni

Kuhusu lango lenyewe, sifa zinastahili kutolewa. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018, na cha Namanga Desemba mwaka huohuo. Hapo awali lori lilisimama mara mbili, kwanza upande wa Kenya na kisha upande wa pili, likikaguliwa na watu tofauti wakiuliza maswali yaleyale. Siku hizi maafisa wa mataifa yote mawili huketi pamoja katika nchi ambako lori linaingia, nalo husimama mara moja.

Badiliko jingine kubwa halionekani kwa macho. Tangu 2014, chini ya mpango wa eneo moja la forodha, ushuru wa shehena inayokwenda Uganda au Rwanda huhesabiwa na kulipwa kabla ya mzigo kuondoka bandarini Mombasa. Lori hufungwa kwa kufuli ya kielektroniki inayofuatiliwa kwa setilaiti hadi linapofika. Maafisa wa Jumuiya wamekuwa wakieleza kwamba safari ya Mombasa hadi Kampala, zaidi ya kilomita 1,100, ilipungua kutoka takriban siku 18 hadi siku nne hivi.

Siku hizo nne si zawadi kwa dereva peke yake. Shehena iliyokwama ni mtaji uliolala. Mfanyabiashara aliyekopa benki kununua bidhaa hulipa riba kwa kila siku ambayo lori limeegeshwa kando ya barabara, na mnunuzi aliyengojea kwa wiki tatu hutafuta mwuzaji mwingine. Somo hilo lilirejea kwa ukali kati ya Aprili na Juni 2020, wakati wa Covid-19, madereva walipotakiwa kungojea matokeo ya vipimo na foleni za Malaba na Busia zikarefuka kwa kilomita nyingi.

Kuna pia mambo madogo ambayo huwakwamisha wageni. Lori lisizidi tani 56 pamoja na mzigo wake. Sharti liwe na bima ya Kadi ya Manjano ya COMESA, kwa sababu bima ya kawaida ya Kenya huishia mpakani. Na dereva anayekwenda Kigali, Bujumbura au Juba hana budi kukumbuka kwamba huko magari hupita upande wa kulia wa barabara.

Wafanyabiashara wadogo wana utaratibu wao. Mama anayevusha mayai, nafaka, omena au ndizi kutoka upande mmoja wa Busia hadi mwingine haihitaji safari ya Nairobi kutafuta cheti. Mradi bidhaa zimo katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, cheti chepesi cha asili hutolewa papo hapo mpakani. Hata hivyo, wengi hungali wakipitia njia za panya. Baadhi yao hawajui utaratibu huo upo. Wengine wanaujua, lakini wamegundua kwamba kutolipa ushuru wa forodha hakumaanishi kutolipa chochote: ukaguzi wa afya ya mimea na ushuru wa aina nyingine unaweza kubaki palepale. Anayepita vichakani huokoa saa chache na kuhatarisha kila kitu alicho nacho, maana mali ikinaswa huko haina karatasi ya kuitetea.

Faida iliyoyeyuka benki

Kama kuna fundisho ambalo kampuni za Kenya zimelipia karo ya juu, ni lile la sarafu. Wengi huchunguza bei, washindani na kodi ya nyumba, kisha hudhani kwamba fedha ni fedha.

Sudan Kusini ndiyo shule kubwa. Baada ya mkataba wa amani wa 2005, na hasa baada ya uhuru wa 2011, Wakenya walimiminika Juba. Benki, kampuni za bima, hoteli, wasafirishaji na wakandarasi walifungua afisi huko. Walilipwa kwa pauni ya Sudan Kusini, na wakati ule serikali ilikuwa imeamuru kwamba dola moja ibadilishwe kwa takriban pauni 2.96. Mnamo Desemba 2015 serikali iliiachilia pauni ijitafutie bei yake sokoni. Kufumba na kufumbua dola ikawa pauni 18.5.

Hesabu yake ni nyepesi, na inatisha. Mfanyabiashara aliyekuwa na pauni 296,000 katika akaunti yake ya Juba alilala akiwa na dola 100,000. Alipoamka zilikuwa dola 16,000. Hakuwa ameibiwa wala hakuwa amepata hasara dukani. Wateja wake walikuwa walewale na rafu zake zilikuwa zimejaa. Lakini bidhaa za kujaza rafu hizo tena zilipaswa kununuliwa Nairobi au Dubai kwa dola, na dola hazikuwapo. Pauni iliendelea kushuka miaka iliyofuata, na benki za Kenya zilizokuwa na matawi huko zililazimika kufuta mabilioni ya shilingi katika vitabu vyao.

Ethiopia imetoa somo kama hilo. Safaricom ilianza kutoa huduma huko Oktoba 2022. Julai 2024 serikali ya Ethiopia iliiachilia sarafu yake, birr, na katika muda wa majuma machache dola iliyokuwa ikiuzwa kwa takriban birr 57 ikapita 100. Kampuni hiyo ilipotangaza matokeo yake ya nusu mwaka Novemba 2024, kushuka kwa birr kulitajwa miongoni mwa sababu za faida kupungua.

Isidhaniwe kwamba hatari hiyo ni ya sarafu za wenzetu pekee. Mwishoni mwa Januari 2024 dola moja ilikuwa ikibadilishwa kwa takriban Sh160 za Kenya. Kufikia Aprili ilikuwa imeshuka hadi karibu Sh130. Aliyeuza Kigali bidhaa za dola 10,000 Januari na kukubali kulipwa baada ya siku 90 alitarajia Sh1.6 milioni. Alipata takriban Sh1.3 milioni. Wakenya wengi walisherehekea shilingi kupata nguvu. Yeye alikuwa na haki ya kununa.

Wenye tajriba wana mbinu zao, ingawa hakuna iliyo dawa kamili. Baadhi huandika mikataba yao kwa dola, ambayo huuhamisha mzigo kwenda kwa mnunuzi, na mnunuzi akishindwa kulipa hasara hurejea ilikotoka. Wengine hulinganisha mapato na matumizi: anayepata shilingi za Uganda hukopa kwa shilingi za Uganda, hulipa mishahara kwa sarafu hiyo na hununua malighafi humo humo. Njia ya kawaida kabisa, na inayopuuzwa kabisa, ni kutoacha fedha nyingi zikae mahali ambapo bei ya sarafu inalindwa kwa amri ya serikali. Bei rasmi ikiwa mbali na bei ya vichochoroni, siku ya kusawazishwa huja.

Fimbo ya mbali

Waswahili husema fimbo ya mbali haiui nyoka, na pengine hakuna mahali ambapo usemi huo umethibitika kama katika sekta ya supamaketi.

Uchumi ilikuwa na maduka Uganda na Tanzania. Oktoba 2015 iliyafunga yote kwa mpigo, uongozi wake ukieleza kwamba matawi hayo yalikula gharama kubwa kupita kiasi kuliko mapato yaliyoleta. Wafanyakazi na wauzaji waliokuwa wakidai fedha zao waliachwa milangoni. Nakumatt iliingia Rwanda 2008, Uganda 2009 na Tanzania 2011, na mwaka wa 2014 ikachukua maduka ya Shoprite ya Afrika Kusini nchini Tanzania. Kwa muda ilionekana kuwa fahari ya Kenya katika eneo hili. Kumbe upanuzi ule ulikuwa ukigharimiwa na madeni, na rafu zilipoanza kuwa tupu Nairobi, zile za Kampala hazingeweza kujaa. Wadai waliamua Januari 2020 kwamba kampuni ifungwe.

Itakuwa kosa kusema kwamba mipaka ndiyo iliyoziua kampuni hizo, kwani zote mbili zilikuwa na ugonjwa nyumbani. Walakini, duka la ng'ambo huharakisha ugonjwa. Huagiza bidhaa kutoka mbali, hulipa kodi ya jengo kwa dola, na meneja wake huweza kuficha hasara kwa miezi mingi kabla ya makao makuu kung'amua.

Benki zilichukua mkondo tofauti. Equity iliingia Uganda 2008 kwa kununua asasi ya mikopo midogo iliyokuwa tayari na wateja na wafanyakazi wa huko. Ilifanya vivyo hivyo Congo mwaka wa 2015, na 2020 ikanunua benki nyingine kongwe humo. KCB, ambayo ilifungua tawi lake la kwanza nje ya Kenya jijini Dar es Salaam mnamo 1997, ilinunua benki kubwa Rwanda 2021 na nyingine Congo 2022. Kununua nyumba yenye wapangaji ni ghali kuliko kujenga kibanda, lakini mnunuzi hupata pamoja nayo watu wanaojua lugha, mila na maafisa wa mahali hapo. Congo jambo hilo ni zito, kwani sheria za huko ni za asili ya Kibelgiji, na tangu 2012 nchi hiyo hufuata sheria za pamoja za biashara za OHADA ambazo wakili wa Nairobi hakuzisomea.

Hata hivyo, si kila mfanyabiashara anaweza kununua kampuni. Kwa wengi uamuzi wa kwanza ni kama wafungue tawi au waunde kampuni tanzu. Kisheria tawi ni kampuni ileile ya Kenya ikiwa na mlango mwingine, hivyo anayelidai tawi la Arusha anaweza kuifuata mali iliyoko Nakuru. Kampuni tanzu husajiliwa huko huko, iwe BRELA Tanzania, URSB Uganda au RDB Rwanda, na madeni yake kwa kawaida huishia kwake. Kwa kawaida tu, kwa sababu benki za huko hazikopeshi kampuni changa bila mzazi wake kutoa dhamana, na dhamana hiyo ikishatiwa sahihi ukuta wote huwa umebomoka.

Kampuni tanzu huleta pia swali ambalo wamiliki wengi hawalitarajii: mzazi amuuzie mtoto kwa bei gani? Kesi maarufu nchini ni ya Unilever Kenya, ambayo iliiuzia kampuni dada ya Uganda bidhaa kwa bei iliyokuwa chini ya ile ya soko la Kenya. Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) ilidai kwamba faida ilikuwa ikihamishwa ili isitozwe kodi hapa. Mahakama Kuu iliipa kampuni ushindi mwaka wa 2005, ikitaja kwamba Kenya haikuwa na mwongozo wowote kuhusu jambo hilo. Mwaka uliofuata serikali ilitoa kanuni. Tangu hapo mwenye kampuni mbili pande mbili za mpaka sharti aweze kuonyesha, kwa maandishi, kwamba bei anayojiuzia ndiyo ambayo angemuuzia mtu baki.

Kuhusu kutozwa kodi mara mbili kwa mapato yaleyale, mataifa matano ya Jumuiya yalitia sahihi makubaliano mwaka wa 2010. Yalikaa kwa miaka mingi bila kuanza kazi kwa sababu si yote yaliyoyaidhinisha.

Amri za ghafla

Yote yaliyotajwa yanaweza kupangiwa. Linalokosesha wengi usingizi ni uamuzi wa kisiasa.

Machi 2021 Kenya ilipiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hoja ya sumukuvu, na malori yaliyokuwa tayari njiani yakakwama. Baada ya siku chache marufuku hiyo iliondolewa na masharti ya vyeti vya ubora kuwekwa. Mpaka wa Gatuna kati ya Uganda na Rwanda ulifungwa Februari 2019 na haukufunguliwa hadi mwisho wa Januari 2022. Lori la Mkenya lililozoea kupitia Kampala kwenda Kigali lililazimika kutafuta njia nyingine kwa sababu ya ugomvi usioihusu Kenya. Na Kenya yenyewe haina budi kukumbuka mwanzo wa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na reli ikang'olewa Kibera. Petroli iliadimika Kampala na Kigali. Ni baada ya hapo ndipo wafanyabiashara wa mataifa hayo walipoanza kuitazama bandari ya Dar es Salaam kwa jicho jipya.

Amri iliyowagusa Wakenya wa kawaida zaidi ni ya Julai 2025. Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba watu wasio raia hawataruhusiwa kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa kutuma pesa kwa simu, ukarabati wa simu, saluni, kuongoza watalii na uuzaji wa rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka ya jumla. Sababu iliyotolewa ni kuwalinda Watanzania wenye mitaji midogo dhidi ya wageni, na si sababu ya kubezwa, kwani mfanyabiashara wa Gikomba akiulizwa kuhusu wageni wanaouza rejareja hujibu vivyo hivyo. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja inawapa raia wa Jumuiya haki ya kuanzisha biashara katika nchi wanachama, na ndiyo hoja iliyotolewa Nairobi ilipolalamika.

Mwenye kudhulumiwa ana pa kwenda. Mwaka wa 2017 Uganda ilibadilisha sheria yake ya ushuru ili sigara zilizotengenezwa Kenya zitozwe zaidi ya zile za kwao. British American Tobacco, ambayo ilikuwa ikiuza Uganda sigara zilizotengenezwa Kenya, ilikwenda katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki jijini Arusha. Machi 2019 mahakama iliamua kwamba sheria hiyo ilikiuka Mkataba wa Jumuiya. Haikuwa serikali ya Kenya iliyoshtaki; ilikuwa kampuni yenyewe.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni muda. Mkataba unampa mlalamishi miezi miwili tu kuwasilisha kesi yake tangu hatua anayoipinga ichukuliwe au tangu alipoifahamu. Wafanyabiashara wengi huitumia miezi hiyo wakiandika barua kwa wizara, wakingojea mkutano wa mawaziri, wakiahidiwa kwamba suala lao linashughulikiwa. Mkutano unapofanyika, mlango wa Arusha huwa umekwisha kufungwa.

Kwa mama wa mayai pale Busia, Arusha ni mbali hata mlango ukiwa wazi. Anayemtegemea ni afisa wa dawati la habari za biashara aliyewekwa mpakani kumsaidia kujaza fomu na kumweleza ni malipo gani halali na yapi si halali. Fomu ni ya ukurasa mmoja. Inauliza jina lake, anachobeba, kilikotoka na thamani yake kwa dola.